Gari la Kaka Lilivyokwenda Kama Kaa

Kwetu Langoni, huku kisiwani, mtu akinunua punda, majirani humuuliza umri wa mnyama na kama hupiga mateke. Akisema amenunua gari, humtazama machoni kwanza. Vichochoro vyetu vilipimwa kwa punda mwenye mzigo, na hata punda huyo akikutana na mwenziwe sharti mmoja arudi nyuma. Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia simu kutoka Kililana, upande wa bara, akaniambia amenunua gari la mbio, nilimuuliza kama ana homa.

"Sina homa," akasema. "Ndoo ulione."

Nilivuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda bodaboda hadi kwake. Gari lenyewe lilikuwa bado halijawa gari. Lilikuwa fremu ya mabomba ya chuma, bodi ya faibaglasi iliyopasuka pua, na injini ya silinda nane iliyotolewa kwenye pikapu kubwa iliyopinduka. Bwana mmoja wa Mombasa alianza kuunda nakala ya gari la mbio la Ulaya la zamani, lile lenye pua ndefu na viti viwili tu, akachoka njiani, akaliuza jinsi lilivyo. Kaka, ambaye kazi yake ni kuendesha greda za kutengeneza barabara, alikuwa akilitamani gari la namna ile tangu tulipokuwa tukilala mkeka mmoja. Sikuwa na moyo wa kumwambia alirudishe.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Faibaglasi naijua, injini naijua, na nilijidai kwamba gari ni boti iliyowekewa magurudumu. Neno hilo nililisema kwa sauti, mbele ya mashahidi. Tuliliunganisha lile gari kwa Jumamosi nyingi, tukaliziba pua, tukalipaka rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka boti moja ya abiria. Siku lilipounguruma mara ya kwanza kuku wote wa Kaka walikimbilia kwa jirani, na wawili hawakurudi mpaka kesho yake.

Abiria wa kwanza alikuwa Mama. Mama anakaa nami Langoni, lakini kila Ijumaa asubuhi huvuka kwenda Kililana kuwatazama wajukuu. Haendi mikono mitupu. Hubeba chungu cha mchuzi wa samaki, kwa sababu ana yakini kwamba mke wa Kaka hutia nazi kwa kuionea choyo. Siku hiyo Kaka alimngoja Mokowe, gari limeoshwa, kiti kimetandikwa shuka safi. Mama akaingia, akapakata chungu, akakaza buibui, wakaenda. Aliporudi nyumbani alinisimulia safari ile mara tatu.

"Watu wote wa ndiani walisimama," alisema. "Nami sikuwapungia mkono. Mtu hapungi mkono ovyo."

Tangu hapo Ijumaa ikawa yao wawili. Kaka alikuwa akianza kuliosha gari tangu Alhamisi.

Baada ya miezi michache akanipigia simu. Alisema akikanyaga mafuta, nyuma ya gari huenda kushoto, na pua ikataka kwenda kulia. Si sana, alisema, lakini anaisikia kiunoni.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo fundi wa magari asingelifanya hata akiwa na usingizi. Boti yenye mashine kubwa, ukiipa nguvu, propela huisukuma tezi, yaani nyuma ya chombo, ikaenda upande. Kila nahodha analijua hilo. Hatengenezi kitu. Hubana usukani kidogo upande wa pili, akaenda zake. Basi nikamjibu Kaka bila hata kuweka chini spana niliyokuwa nayo mkononi.

"Injini zenye nguvu zote ni hivyo," nikamwambia. "Ikisokota, sharti tezi iende upande. Bana usukani kushoto kidogo. Utazoea."

"Una yakini?"

"Kaka, kazi yangu mimi ni nini?"

Akafanya nilivyomwambia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakubisha.

Ijumaa moja walikuwa kwenye lami iliyonyooka, wanakaribia Kililana. Kaka akakanyaga mafuta, usukani ameubana kushoto kama alivyofundishwa na mtaalamu. Punda akatoka shambani, akasimama katikati ya barabara. Kaka akaachia mafuta. Nguvu ilipokatika, tezi ikarudi mahali pake ghafla, lakini usukani ulikuwa bado umeelekea kushoto, na gari likafuata usukani. Likaiacha lami, likaingia shamba la simsim la watu, likazunguka mara moja, likatulia likitazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, hata punda. Ila chungu kizima cha mchuzi kilimmwagikia Mama, kutoka kifuani hadi viatuni. Bahati njema ulikuwa umepoa.

Mama alitoka katikati ya simsim, akaokota kipande cha samaki begani kwake, akakitazama, akakitupa.

"Gari hini yenda kama kaa," akasema. "Nami sipandi kaa."

Kaka akamwambia, "Ni makosa yangu, Mama. Ndimi niliyekuwa nikiendesha."

Mama akatembea hadi barabarani na nguo zake zinazonuka bizari, akasimamisha bodaboda. Mimi nilipigiwa simu adhuhuri. Kaka alinieleza habari za punda na simsim kwa kifupi, akasema yeye alishtuka akashindwa kulishika gari. Nami nikaamini, kwa kuwa ilinifaa kuamini.

Ukaanza mwaka wa bodaboda. Kila Ijumaa Mama alishuka kwenye boti pale Mokowe na kumkuta Kaka amesimama kando ya gari lililooshwa, kwa maana hakuacha kuliosha hata wiki moja. Alimpa mkono, Kaka akaubusu, naye Mama akamuuliza hali ya watoto, kisha akapanda nyuma ya pikipiki na chungu chake mapajani. Kaka aliwafuata nyuma, polepole, kwa mwendo wa ile pikipiki, na ile injini ya silinda nane ikinung'unika njia nzima. Watu wa njiani walisimama tena, safari hii kwa kucheka.

Mimi nilicheka pamoja nao. Kaka alipokuja Langoni kula nasi, nilikuwa nikimwambia Mama asimlaumu mwanawe, mtu aliyezoea greda hawezi kitu kinachokimbia. Mama alicheka. Kaka alitabasamu, akamega kipande kingine cha mkate wa mofa, akala. Nilidhani amekosa jibu.

Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha aliponiita nilitazame gurudumu. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limeliwa upande wa ndani hadi nyuzi zikaonekana, na la kulia lilikuwa bado zima. Boti haina tairi, kwa hiyo hapo maarifa yangu ya baharini yalinyamaza, nikalazimika kutazama. Tuliweka magogo mbele ya magurudumu ili gari lisiende, nikaingia chini, nikamwambia Kaka awashe, atie gia, aachie klachi kidogo kidogo.

Kwenye lori magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye chuma kimoja, likienda hili na lile limeenda. Kwenye gari lile kila gurudumu la nyuma lilikuwa linajitegemea, lina mkono wake wa chuma, springi yake na shafti yake. Mkono unapoungana na fremu kuna pete nene ya mpira, inaitwa bushi, ili gari liwe laini. Mpira ule ulitengenezwa kwa gari la kumpeleka mtu ofisini. Silinda nane zilipousukuma, niliuona ukibonyea kama andazi. Ule wa kushoto ulikuwa umechanika kabisa, na mkono ukasogea upana wa kidole, na gurudumu likageuza uso, likatazama nje. Kaka alipoachia, likarudi. Akasukuma tena, likatazama nje tena.

Wazee husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama yangu mimi, yaani lile tumbo la chombo panapotuama maji, ilikuwa pale, mgongo juu ya mchanga wa Kililana na grisi ikinidondokea shingoni. Mambo ya propela hayakuwamo. Gari lilikuwa likijigeuza lenyewe kwa magurudumu ya nyuma, nami nilikuwa nimemfundisha kaka yangu kulificha lile gonjwa kwa mikono yake, wiki baada ya wiki, na mama yetu ameketi kando.

"Umelala?" Kaka akauliza.

"Zima," nikasema. Alipozima nilibaki kule chini. Ilikuwa rahisi zaidi kusema bila kuuona uso wake. "Kaka, hini si tabia ya injini. Ni bushi, imetatuka. Ungebana usukani au usingebana, ndilo gari lililokutupa. Na aliyekwambia ubane ni mimi."

Niliiona miguu yake kando ya gurudumu. Haikusogea.

"Basi yatengezeka?" akauliza.

"Yatengezeka. Kwa nini hukumwambia Mama kwamba ndimi niliyekuambia?"

"Ili iwe nini? Wewe wakaa nae nyumba moya. Mimi naweza kungoya Mokowe."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilitoka chini ya gari upande wa pili, nikajifanya natafuta spana.

Kazi ile niliifanya kwa bidii ya mtu aliyetubu. Niliifungua sehemu yote ya nyuma, nikaipakia kwenye boti, nikaivusha hadi karakana yangu Langoni, na punda wa jirani akaimalizia safari. Nailoni nyeusi ngumu ninayo siku zote, ndiyo ninayokerezea pete za usukani wa boti. Nikakereza bushi mpya nne. Zilitoka laini, nyeusi, nzuri, nikampigia Kaka kumsifia. Tulipozifunga zikagonga. Nilikaa nikakuna kichwa, kisha nikacheka peke yangu. Nailoni ikikaa majini huvimba, na fundi wa boti huiachia nafasi ya kuvimba. Nilikuwa nimeiachia nafasi ile bila kufikiri, kana kwamba gari litateremshwa baharini.

"Wataka kunizamisha sasa," Kaka akasema.

Nikakereza nne nyingine, za nchi kavu. Kisha nikaitengenezea difu, lile sanduku la gia la nyuma, kitanda cha chuma, kama kile kinacholaza injini ndani ya boti, kwa sababu nayo ilikuwa ikiinua pua kila gari lilipokanyagwa. Nikachomelea fito mbili kutoka kwenye mikono ya magurudumu hadi fremu, zenye nati za kurekebishia. Shafti nyembamba tulizitupa, tukatia nene za pikapu, zilizofupishwa. Kaka alishika kila nilichomwambia ashike, na tulikuwa tukiimba kasida tulizofundishwa katika chuo cha Kurani, yeye akikosea palepale alipokuwa akikosea utotoni.

Likabaki jambo la kunyoosha magurudumu. Mashine ya kupimia hilo iko mbali, kwa hiyo Kaka akamwita rafiki yake wa Matondoni, fundi wa kuunda majahazi. Yule bwana alishuka kwenye bodaboda na kibunda cha uzi na kipande cha chaki, akalizunguka gari mara mbili.

"Omo ndiyo hini?" akauliza, akiigusa pua.

"Ndiyo."

Akavuta uzi kutoka omo hadi tezi, kila upande, kama apimavyo mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu hadi nikadhani miguu imemfa ganzi.

"La kulia lachungulia nde," akasema.

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa kucha."

Nikachukua utepe nikapima, maana nilikuwa nimeapa kutoamini tena neno la mtu wa boti, na mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Ilikuwa kweli unene wa kucha. Nikakaza nati, akatazama tena, akasema sasa limetulia, akaomba kahawa.

Kaka alilijaribu peke yake kwanza, kisha tukaenda wawili. Pale penye simsim alikanyaga hadi mwisho. Niligandamizwa kitini, kofia ikaniruka, na tezi haikwenda popote. Akaachia ghafla. Gari likanyooka kama lilivyokuwa limenyooka. Mikono ya Kaka ilikuwa juu ya usukani, imelegea, haibani upande wowote, naye akaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya arusi yangu, na mke wangu nimekwisha kumwambia.

Lakini kulikuwa bado na Mama, na hilo halikuwa la Kaka kulisema. Nilirudi Langoni nikamkuta uani, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Mama, lile gari tumelitengeza."

"Mwalitengeza kila siku."

"Mara hii limepona. Na makosa hayakuwa ya Kaka. Gari lilikuwa bovu, akaniuliza, nikamwambia si ubovu. Nikamfundisha abane usukani kama nahodha. Ndiko kulikowatia kwenye simsim."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Nae aliyuwa ni wewe?"

"Alijua, Mama."

"Mwaka mzima. Nawe ukimteka, wamfanya kichekesho hapa, juu ya mkeka wangu, ukila chakula changu."

Mama akarudi kwenye mchele wake, akatoa chuya tatu nne, akazirusha kwa kuku. Macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa ileile ya kunituma dukani.

"Iyumaa utavuka nami," akasema. "Uvae kanzu nyeupe."

Ijumaa asubuhi nilivaa kanzu nyeupe, ile ya Idi. Mama akanikabidhi chungu. Ulikuwa mchuzi wa bizari na ukwaju, umejaa hadi mdomoni, na hakukuwa na kawa juu yake.

"Kawa iko wapi?"

"Ya nini? Wewe si fundi?"

Mokowe, Kaka alikuwa amesimama kando ya gari. Mama akampa mkono, lakini hakuuondoa upesi kama ilivyo desturi. Aliuacha ndani ya mkono wake, akamtazama yule mwanawe mkubwa kitambo. Kisha akaketi kwenye benchi la kungojea boti, akaniashiria kwa kidevu niingie garini.

Nikaingia, chungu mapajani, kanzu inang'aa. "Mpeleke hadi kwenye simsim," Mama akamwambia Kaka, "umkanyagie, umwatilie, umrejeshe hapa."

Kaka hakunihurumia. Alikanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Mchuzi ulinyanyuka upande mmoja ukafika ukingoni, ukafikiri, ukarudi. Nilisoma dua zote ninazozijua na moja ya kuingilia sokoni. Tuliporudi Mokowe, tone moja lilikuwa juu ya kidole gumba changu. Mama alikikagua chungu, akaikagua kanzu mbele na nyuma, akaona kidole.

"Hilo ni lako," akasema. "Toka."

Nikatoka, naye akaingia, akakaza buibui. Kaka alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na anatazama mbele. Viti vilikuwa viwili tu.

"Na nyungu hini, Mama?" nikauliza.

"Watoto wana ndaa. Ilete." Na kidevu kikaelekea kwenye bodaboda.

Kwa hiyo nilipanda nyuma ya pikipiki na chungu kisicho na kifuniko. Hatukufika mbali nikaisikia ile injini nyuma yetu. Haikunung'unika. Ilipanda sauti, ikatupita, buluu, imenyooka, na Mama kushoto kwa Kaka, uso mbele. Sikupungiwa mkono. Nilikuwa bado natazama ile tezi, jinsi isivyokwenda upande, pikipiki ilipoingia kwenye shimo.

Nilipofika Kililana, Mama alikuwa bado ameketi ndani ya gari, mlango wazi, wajukuu wamemzunguka. Hakuwa na haraka ya kutoka. Aliitazama kanzu yangu, iliyokuwa njano kutoka kifuani hadi magotini, na chungu kilichobaki nusu.

"Mwaka mzima nimekuya hivyo," akasema, "na sikumwaya hata tone."

Kaka hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na kanzu yake ya pili, imepigwa pasi, akanivika mwenyewe hapo uani kama anavyovikwa mtoto. Ilikuwa ndefu, ilinipita vidole viwili. Nikaikunja pindo, adhana ikasikika, tukaenda msikitini, yeye mbele na mimi nyuma yake.